Aliyefungua Kizimba

Mbwa alikuja na kiti. Mwanamke mmoja aliyekuwa anahamia ng'ambo alileta kiti cha marehemu mama yake kibadilishwe kitambaa, akifuatwa nyuma na mbwa mwekundu, mrefu wa mgongo, mfupi wa miguu, masikio yanakaribia kufagia sakafu. Siku ya kuchukua kiti alikuja analia. Alimwomba Fundi amtunzie mbwa kwa muda tu, mpaka atakapotulia huko aendako. Hakutulia, au alitulia akasahau. Mbwa akabaki.

"Mtu kaleta kiti, kaacha mbwa," mke wa Fundi alisema. "Bora angechukua mbwa akatuachia kiti."

Jina alipewa na Mwalimu, jirani yao mstaafu ambaye kila alasiri alikuja karakana kupiga soga na kukalia makochi ya watu. Siku ya kwanza alipomwona yule mbwa anapita mlangoni alisema, "Hii ni treni. Kichwa kimeshafika, mkia bado uko stesheni." Wakacheka, na jina likanata.

Fundi alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa upande wa mbele wa nyumba, ikinuka gundi na vumbi la sponji. Humo Treni akajipatia kazi. Kochi likimalizika alilirukia, akazunguka mara mbili tatu juu yake, akajilaza. Fundi aliwaambia wateja, "Chukua kwa amani, limeshakaguliwa." Wengine walikataa kuondoka na kochi mpaka Treni alilalie.

Daktari wa wanyama, dada kijana aliyemchanja Treni kila mwaka, alimwonya Fundi zamani. "Mbwa wa umbo hili asirukeruke, mzee. Mgongo wake ni mrefu, haupendi kupanda na kushuka."

"Daktari, kwangu mimi ni makochi matupu," Fundi alijibu akicheka. "Nimweke wapi, darini?"

Halafu asubuhi moja Treni hakutoka kwenye kona yake. Alikuwa amesimama mgongo umeinuka kama wa paka aliyetishwa, anatetemeka, kichwa kimeinama. Fundi alipomgusa tumbo ili amnyanyue, mbwa alitoa ukelele ambao mkewe aliusikia kutoka jikoni, akaja mbio na mwiko mkononi.

Kliniki, daktari alimweka Treni sakafuni amtazame anavyotembea. Miguu ya mbele ilikwenda vizuri. Ya nyuma ilipishana kama ya mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Daktari akapiga magoti, akaukunja wayo mmoja wa nyuma, mgongo wa kidole ukaelekea chini, akausubiri. Treni alichelewa, kisha akaugeuza ukakaa sawa. Daktari akabana kidole cha mguu huo kwa koleo dogo, na Treni akageuza kichwa kumtazama kwa hasira.

"Vizuri," daktari alisema. "Bado anasikia. Hilo ndilo ninalolitaka."

Akawaeleza, na kwa sababu alijua kazi ya Fundi, alitumia maneno ya karakana. Kati ya kila pingili ya mgongo na mwenzake kuna kijimto laini, kazi yake kupokea mtikisiko. Kwa mbwa kama Treni vile vijimto hukauka mapema, vikawa kama sponji ya zamani inayobomoka ukiibana. Siku moja kimoja hupasuka, na vumbi lake likarukia juu, mahali unapopita uti wenye mishipa ya fahamu. Uti ukibanwa kidogo, maumivu. Ukibanwa zaidi, miguu inalegea. Zaidi ya hapo, mbwa hasikii tena kama ana miguu.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza mke wa Fundi. Ndiye aliyeuliza kila kitu siku hiyo. Fundi alikuwa anampapasa mbwa masikio.

"Kuna hospitali moja wanakofungua mgongo, lakini iko mbali, ni safari ya siku nzima. Kwa hali aliyonayo sasa, wengi hupona bila kisu. Dawa, na kizimba. Akae kizimbani mwezi na zaidi, kizimba kidogo, asiweze kukimbia wala kuruka. Atoke kwa kubebwa tu, kwenda haja, na kurudi." Akanyamaza, akawatazama wote wawili. "Nisikilizeni hapa. Dawa zitamwondolea maumivu kabla mgongo haujapona. Atajiona mzima, na nyinyi mtamwona mzima. Msimwamini."

Fundi alikitengeneza kizimba siku hiyohiyo, kwa mbao za fremu ya kochi na wavu. Mkewe akashona godoro la kukitosha. Yeye aliyesema bora kingebaki kiti ndiye aliyejifunza kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya mapaja, mgongo umenyooka, mwendo wa mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa. Asubuhi na jioni alimpeleka nyuma ya nyumba hivyo, akimsemesha njiani. "Taratibu baba, taratibu, tumefika." Fundi hakuruhusiwa. "Wewe mikono yako imezoea kubeba fremu," mkewe alimwambia.

Dawa zikafanya kazi kama daktari alivyosema. Haukupita muda Treni akaanza kutikisa mkia, kisha kukwaruza wavu, kisha kulia. Kizimba kilikuwa ndani ya karakana, pembeni ya meza ya kukatia vitambaa, na kilio chenyewe hakikuwa cha kubweka. Kilikuwa kilio chembamba, kirefu, kama mlango unaofunguliwa polepole, tena macho kayaelekeza kwa Fundi na si kwa mtu mwingine.

Fundi hakuwa mtu wa kuweza hilo. Watoto wao wawili, ambao sasa walikuwa na nyumba zao, walijua tangu wadogo: ukitaka ruhusa nenda kwa baba, ukitaka ukweli nenda kwa mama. Hakuweza kumnyima mtu kitu uso kwa uso. Wateja walipopita wakasema, "Aa, Fundi, mkaguzi umemfunga kwa kosa gani?" alicheka nao, lakini lilimkaa moyoni.

"Hata mfungwa hutolewa akaota jua," Mwalimu alisema alasiri moja, amejinyoosha kwenye kochi la mtu.

"Mama watoto atanichinja."

"Mama watoto yuko wapi?"

Alikuwa kwa dada yake. Dada yake alikuwa ametoka hospitali, na kila alasiri mke wa Fundi alikwenda kumpikia na kumfulia. Fundi aliangalia mlango, akaangalia kizimba, akainama akafungua.

Treni alitoka kwa adabu, kama mgeni. Alitembea mpaka kwenye mlango wa karakana, akanusa hewa, akarudi, akajilaza juu ya miguu ya Fundi. Miguu ya nyuma ilikuwa imenyooka. Baadaye Fundi alimrudisha, akafunga, na moyo wake ukawa mwepesi jioni nzima. Kesho yake akamtoa tena. Ikawa ndiyo desturi yao, na kila siku ilipopita salama, Fundi alizidi kuamini kwamba ni yeye anayemponya. Mgongo unataka mazoezi, alijiambia. Kitu kisipotumika kinashika kutu.

Mkewe alikuwa anamwambia dada yake, "Kizimba kile kimemsaidia. Ungemwona anavyosimama."

Siku balaa lilipotokea, kulikuwa na kochi la mahameli ya kijani katikati ya karakana, refu kuliko mengi, limepigwa pini za mwisho asubuhi ile. Mwalimu alifika, akalikalia, akaligandia kama kawaida yake. Halafu akapiga kochi pembeni yake kwa kiganja, pa pa, kama alivyokuwa akimwita Treni miaka yote. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Treni alikuwa nje ya kizimba. Alikimbia, akaruka, akafika juu. Kwa muda mfupi alikuwa pale, anazunguka, mkia unapiga mahameli, na watu wazima wawili wakacheka kwa sauti. Kisha akaona paka akikatiza mlangoni, akaruka kushuka.

Alilia mara moja tu. Alipojaribu kusimama, nusu ya mbele ilisimama na nusu ya nyuma ikabaki chini, imelala upande kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Akamtazama Fundi. Akajivuta kumfuata, miguu ya nyuma ikiburuzwa sakafuni katikati ya vipande vya uzi.

"Mpeleke kwa daktari," Mwalimu alisema. Alikuwa ameshasimama. "Sasa hivi, Fundi. Twende wote."

"Ngoja kwanza atulie."

"Atulie nini? Huoni?"

"Ni mshtuko tu. Siku ile pia aliyumba." Fundi alikuwa ameshamnyanyua, anamwingiza kizimbani, anamfunika. "Akipumzika atakaa sawa. Mwalimu, tafadhali. Nenda nyumbani. Hukuona kitu."

Mwalimu aliokota gazeti lake kochini. Kisha akaondoka.

Fundi alikaa kando ya kizimba jioni ile yote. Alimbana Treni vidole vya nyuma, kama alivyomwona daktari akifanya, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu mpaka akajionea aibu. Mbwa hakulia tena. Alilala kimya, na kimya kile Fundi akakifasiri kuwa nafuu, kwa sababu ndicho alichokihitaji.

Mkewe aliporudi, miguu imemvimba kwa kusimama, aliuliza kutoka mlangoni, "Treni vipi?"

"Amelala," Fundi alisema. "Usimwamshe. Nimeshampeleka nje."

Asubuhi alikuwa ananawa uso aliposikia ukelele wa mkewe. Alikwenda mpaka mlango wa karakana akasimama. Mkewe alikuwa amepiga magoti, Treni yuko mikononi mwake vilevile alivyofundishwa, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya mapaja, na miguu ya nyuma ya mbwa inaning'inia.

"Nimemfanya nini?" mkewe alisema. "Baba watoto, njoo uone, nimemfanya nini? Nimemnyanyua tu. Jana alikuwa anasimama!"

Neno lilikuwa mdomoni. Fundi alilihisi pale, na lilikuwa neno fupi. Akasema, "Twende kliniki."

Daktari hakumweka Treni sakafuni safari hii. Alimlaza mezani, akachukua lile koleo, akabana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukajikunja.

"Ameuvuta!" Fundi alisema. "Amesikia! Daktari, ameuvuta!"

"Mguu umejivuta wenyewe, mzee. Tazama kichwa."

Akabana tena, kwa nguvu zaidi, hadi kwenye mfupa. Mguu ukajikunja tena. Kichwa cha Treni kilikuwa kimeelekea dirishani, anatazama ndege kwenye waya. Hakugeuka.

"Habari haifiki juu," daktari alisema polepole. Akaweka koleo chini. "Imeanza lini?"

"Sasa hivi," alisema mke wa Fundi, machozi yanamtoka. "Nilipomnyanyua. Mikononi mwangu."

"Na kabla ya hapo? Amekaa kizimbani muda wote?"

Swali alikuwa anaulizwa Fundi. Chumba kilikuwa kidogo, watu watatu na mbwa, na Fundi akajiona ndiye aliye kizimbani, hakimu mbele yake na shahidi ubavuni.

"Muda wote," alisema.

Daktari aliinamisha kichwa. "Basi nimekosea mimi. Kama kijimto kimepasuka tena amelala, bila kuruka, basi kilikuwa kibaya tangu mwanzo. Ningewatuma kwa wapasuaji siku ile ile ya kwanza. Nisameheni sana."

Alipiga simu hospitali ya mbali. Waliuliza kama bado anasikia, na waliposikia jibu, sauti zao zikapoa. Walisema wangeweza kujaribu, mleteni kesho, lakini saa zinahesabika; anayepasuliwa mapema baada ya kupoteza hisia huwa na tumaini, anayechelewa hana. Fundi alisikia kila neno. Jana alasiri, alifikiri. Jana alasiri kulikuwa na gari, kulikuwa na mwanga, kulikuwa na Mwalimu mlangoni akisema sasa hivi.

Hawakufika kwa wapasuaji. Walipomchukua Treni alfajiri waanze safari, miguu ya mbele nayo ilikuwa imelegea, na tumbo lilipanda na kushuka kwa shida. Wakageuza gari kwenda kliniki. Daktari alimgusa mgongo kutoka nyuma kuja mbele, mkono wake ukakomea karibu na mabega. Akawaeleza kwamba uti ukiumia vibaya sana wakati mwingine huanza kulainika pale ulipobanwa, na ulaini ule hupanda. Ukifika kifuani mbwa hukosa pumzi, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuzuia. Kilichobaki ni kumpumzisha kwa sindano kabla ya hapo.

Mke wa Fundi alikataa kumshika. "Mikono yangu ina balaa," alisema, akaikunja kwapani. Ni Fundi aliyemshika kichwa mpaka mwisho.

Baada ya hapo nyumba ikawa na ukimya wa ajabu. Kizimba kikavunjwa, mbao zikarudi rafuni. Mwalimu hakuja tena; alasiri alionekana akipita upande wa pili wa barabara, gazeti kwapani, anatazama mbele. Mke wa Fundi aliendelea kwenda kwa dada yake, lakini dada mwenyewe alimwambia Fundi kwenye simu, "Shemeji, mkeo ana nini? Anakataa kuniinua kitandani. Anaogopa ataniumiza."

Fundi alisema ni uchovu.

Siku moja alitoka karakana kutafuta mkasi chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya kitanda. Alipitisha mkono mmoja chini ya mto, upande wa mbele, na mwingine chini yake, upande wa nyuma, akaunyanyua taratibu, mto umenyooka. Akaushusha. Akauangalia. Akaunyanyua tena, safari hii mkono wa nyuma ameusogeza kidogo. Alikuwa anatafuta mahali alipokosea.

Fundi alishika fremu ya mlango.

"Mama watoto."

Alishtuka, akauweka mto. "Unataka nini?"

"Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Treni. Hukumbeba vibaya. Alikuwa ameshaumia kabla hujamgusa. Nilikuwa nimemtoa. Aliruka kwenye kochi, akashuka, akaanguka."

Mkewe hakulia. Alikaa kitandani, akaanza kuunyoosha mto uliokuwa umenyooka.

"Lini?"

"Jana yake. Alasiri."

"Nikarudi jioni, nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukaniambia amelala."

"Ndiyo."

"Asubuhi ukanisikia napiga kelele. Ukaja ukasimama pale mlangoni, ukaniangalia."

Ndiyo ya tatu haikutoka.

"Kumtoa ningekusamehe siku hiyohiyo," mkewe alisema. "Nakujua. Huwezi kusikia mtu analia ukamwacha. Lakini mimi umenisikia nikilia siku zote hizi." Akamtazama. "Ukaniacha."

Fundi alitaka kukaa kando yake. Hakukaa. Mkewe aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na yule binti wa watu? Daktari? Yeye naye bado anaamini ni kosa lake?"

"Bado."

"Nenda kamwambie."

Haikuwa rahisi kama inavyosemwa. Alikwenda mara ya kwanza akakuta watu wengi, akarudi. Au ndivyo alivyojiambia, kwamba watu walikuwa wengi. Mara ya pili alimkuta daktari peke yake, ananawa mikono, na akamwambia yote hapo hapo kwenye sinki, haraka haraka, hata maji yalikuwa hayajafungwa.

Daktari alifunga bomba. Alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo dawa na kizimba vilikuwa vinamsaidia," alisema.

"Vilikuwa vinamsaidia. Alikuwa anapona."

"Mimi nikaona havifai." Alikaa kwenye kigoda cha chuma. "Baada ya Treni alikuja mama mmoja na mbwa wake. Aina ile ile, anayumba vilevile, vidole vyote anasikia. Nikamwambia kizimba nimeshajaribu, hakisaidii, aende kwa wapasuaji. Hakuwa na uwezo wa kufika huko. Akaniuliza, basi ataishiaje? Nikamweleza Treni alivyoishia. Akasema hataki mbwa wake afike hapo. Tukampumzisha." Akanyanyua kichwa. "Alikuwa bado anatembea, mzee wangu. Aliingia mlango huo kwa miguu yake."

Fundi alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga njia nzima, na hakuna hata moja lililomtosha mama yule ambaye hakumjua.

"Asante kwa kuniambia," daktari alisema mwishowe, akasimama, akaanza kupanga vifaa vyake mezani. Hakumtazama tena. "Laiti ungeniambia siku ile."

Jioni mkewe alikuwa jikoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Mkewe alijifuta mikono kwenye khanga, akachukua simu, akatoka nayo nyuma ya nyumba. Fundi alimsikia kupitia dirishani. "Daktari, samahani kukusumbua. Ni mimi, mama Treni. Alikuja kwako leo?" Kimya. "Amesema?" Kimya kirefu. "Pole, mwanangu. Pole sana." Akarudi, akapakua chakula, wakala.

Mwalimu alirudi baadaye, siku moja isiyo na sababu, akasimama mlangoni na kusema, "Mimi ndiye niliyepiga kochi." Fundi akamwambia kaa, na Mwalimu akakaa, kwenye kigoda, si kwenye kochi. Dada wa mkewe alipona. Kazi ziliendelea kuja, na wateja waliouliza mkaguzi yuko wapi waliambiwa amekufa, wakasema pole, wakachukua makochi yao.

Mkewe hakumtukana wala kumnunia. Alicheka naye kama zamani, alimfokea kuhusu vumbi kama zamani. Ni jambo moja tu lililobadilika. Akisema amezima taa ya karakana, mkewe humjibu, "Sawa." Kisha, baada ya muda, huinuka, na Fundi husikia ndara zake zikienda mpaka mlango wa karakana, zikasimama, halafu zikarudi.